TanzLII kwa anayefuatilia sheria ya upekuzi wa polisi: tathmini

TanzLII ni tovuti ya Mahakama ya Tanzania inayoweka hukumu na sheria wazi kwa kila mtu, bila ada na bila kujisajili. Tathmini hii haigusi kila kilichomo. Inaipima kwa swali moja linalowakuta watu wengi na kuwagharimu sana: polisi wamepekua, wamechukua kitu, na kitu hicho kimeletwa mahakamani kuwa kielelezo. Je, upekuzi ulifuata sheria? Na kama haukufuata, kielelezo kinatoka au kinabaki? Kwa swali hilo tunaipa alama 4 kati ya 5. Alama iliyopungua tutaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndipo watu wanapopotea.

Kosa la kwanza la wanaoingia humo ni kuandika "police search" kwenye kisanduku cha kutafutia na kuanza kusoma hukumu ya kwanza inayojitokeza. Zitakuja hukumu nyingi mno, na nyingine zinautaja upekuzi kwa sentensi moja tu. Anzia upande wa sheria. Fungua Katiba ya 1977, ibara ya 16. Ibara ndogo ya kwanza inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ya pili inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria unaosema ni wakati gani, kwa namna gani na kwa kiasi gani hifadhi hiyo inaweza kuingiliwa. Kwa hiyo Katiba yenyewe haikupi hatua za upekuzi. Inaidai sheria izitaje. Haki hizi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na sheria inayotaja hatua hizo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ilitungwa mwaka uliofuata. Leo inaitwa Sura ya 20.

Ndani ya Sura ya 20, vifungu vinne ndivyo vinavyobeba karibu mabishano yote ya upekuzi: 38, 40, 42 na 169, kwa namba za matoleo yaliyotangulia Toleo la Urekebu la 2023. Visome neno kwa neno, usitegemee maelezo ya mtu.

Kifungu cha 38(1) kinampa mamlaka mkuu wa kituo cha polisi, na kifungu cha 2 kinaeleza nani anahesabika kuwa mkuu wa kituo. Anatakiwa aridhike na mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kuwe na sababu za msingi za kushuku kwamba ndani ya jengo, chombo, sanduku au mahali fulani kuna kitu kinachohusiana na kosa. Pili, kuchelewa kuwe na hatari ya kitu hicho kuondolewa au kuharibiwa, au maisha na mali kuwa hatarini. Akisharidhika ana njia mbili: apekue mwenyewe, au ampe askari aliye chini yake idhini ya maandishi. Hapa pana jambo ambalo hata mawakili wachanga hulipita: mkuu wa kituo akiwepo mwenyewe haihitajiki karatasi, lakini konstebo aliyetumwa kwa mdomo hana idhini, hata kama aliyemtuma ni mkuu wa kituo. Unaposoma hukumu, tafuta kwanza ni nani aliyeongoza upekuzi na cheo chake ni kipi, ndipo uendelee.

Kifungu cha 38(2) kinamtaka aliyetoa idhini amjulishe hakimu haraka iwezekanavyo: idhini ilitolewa, kwa sababu gani, na upekuzi ulipata nini. Ni sharti linalosahaulika kwenye maswali ya dodoso, yaani yale ambayo upande wa pili humuuliza shahidi. Kifungu cha 38(3) ndicho kinachotajwa kuliko vyote. Anayekamata kitu lazima atoe stakabadhi ya kukiri kwamba amekichukua, nayo iwe na saini ya mwenye nyumba au mkaazi, ndugu yake wa karibu, au mtu mwingine aliyekuwa na udhibiti wa mahali hapo, pamoja na saini za mashahidi wa upekuzi kama walikuwepo.

Kifungu cha 40 kinahusu saa. Hati ya upekuzi hutekelezwa siku yoyote, hata Jumapili, kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua. Nje ya saa hizo inahitajika ruhusa ya mahakama. Askari akija saa 5 usiku na hati mkononi bado hajamaliza kazi yake ya kisheria. Aulizwe ruhusa ya kuitekeleza usiku iko wapi.

Mlango mpana ni kifungu cha 42, upekuzi wa dharura. Hapa polisi anaweza kumpekua mtu au kuingia katika eneo bila hati, kwa masharti mawili yanayokwenda pamoja: aamini kwa sababu za msingi kwamba ni lazima kufanya hivyo ili kitu kisipotee au kisiharibiwe, na mazingira yawe mazito na ya haraka kiasi cha kutosubiri hati. Upande wa mashtaka huupenda mlango huu, na huo ndio unaostahili kubanwa zaidi. Kama taarifa ya mtoa habari ilifika kituoni asubuhi, askari wakajipanga, wakapanda gari na kufika nyumbani kwa mshtakiwa jioni, dharura ilianza saa ngapi? Muda kati ya taarifa na upekuzi ndio unaoijibu hoja ya dharura, na muda huo huwa umeandikwa kwenye maelezo ya mashahidi wenyewe.

Sasa kifungu cha 169, ambacho wengi hukisema vibaya. Hakisemi kwamba ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria hutupwa moja kwa moja. Wala hakisemi kwamba hupokelewa ilimradi una uhusiano na kesi. Kinasema pingamizi likitolewa, mahakama, kwa utashi wake, haitaupokea isipokuwa iridhike, kwa mizani ya uwezekano (yaani ione jambo lina uwezekano zaidi wa kuwa hivyo kuliko kutokuwa), kwamba kuupokea kutanufaisha maslahi ya umma kwa namna mahususi na kubwa bila kuathiri isivyostahili haki na uhuru wa mtu yeyote. Kianzio ni kukataa. Na mzigo wa kuishawishi mahakama ibadilike uko kwa anayetaka ushahidi upokelewe, sio kwa mshtakiwa. Hilo limo kwenye kifungu kidogo cha 3. Kifungu kidogo cha 2 kinataja vigezo: uzito wa kosa na uharaka wa kuhifadhi ushahidi, uzito wa ukiukwaji wenyewe, na kama ushahidi ule ungeweza kupatikana kwa njia halali. Hicho cha mwisho kina nguvu kuliko kinavyotumiwa. Kama kituo kiko umbali mfupi na mkuu wa kituo yupo, njia halali ilikuwepo na haikufuatwa.

Ukubwa wa badiliko hili unaonekana ukilitazama shauri la Kuruma, lililotoka Kenya wakati wa hali ya hatari na kuamuliwa na Privy Council ya London, iliyokuwa ikisikiliza rufaa za mwisho kutoka makoloni ya Uingereza, likachapishwa mwaka 1955. Pale kanuni ilikuwa ushahidi ukihusika na kesi unapokelewa, na mahakama haijishughulishi na namna ulivyopatikana. Bwana yule alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, akapekuliwa na askari wa cheo cha chini kuliko kanuni zilivyotaka, na risasi 2 zilizosemwa kukutwa kwake zikatosha kumhukumu kifo. Kifungu cha 169 kinaikataa fikra hiyo waziwazi. Ukikuta hukumu ya zamani inayomnukuu Kuruma, iangalie mwaka wake kabla ya kuitegemea.

Ukishavijua vifungu hivyo ndipo kisanduku cha kutafutia kinapogeuka kuwa na faida. Hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani bado zinaandikwa kwa Kiingereza, ingawa marekebisho ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo maneno ya kutafutia lazima yawe yale waheshimiwa majaji wanayotumia. Weka alama za nukuu ili upate kifungu cha maneno kamili: "certificate of seizure", "section 38 (3)", "emergency search", "independent witness", "expunged from the record". Changanya mawili kwa wakati mmoja. Kisha tumia vichujio vya pembeni: chagua Mahakama ya Rufani kwanza, kwa sababu uamuzi wake unazifunga mahakama zote za chini, halafu panga kuanzia mwaka wa karibuni kurudi nyuma. Hukumu ya Mahakama Kuu ni nzuri kwa kukuonyesha namna hoja inavyojengwa, lakini usiitangulize mbele ya ile ya Rufani.

Tafuta pia kwa namba ya rufaa. Majina ya warufani yanaandikwa kwa tahajia tofauti na yana vijina vya utani, wakati namba haibadiliki. Rufaa ya Jinai Na. 390 ya 2019 na Na. 118 ya 2020 ni za kuanzia kwa upekuzi usio na hati: zinavisoma vifungu vya 38, 40 na 42 kwa pamoja. Sababu ya ukali wa vifungu hivi, kwa mujibu wa Mahakama, ni kulinda faragha na utu chini ya ibara ya 16 na kuzuia askari wasio waaminifu kupachika vitu katika nyumba za watu. Kwa mlolongo wa utunzaji wa vielelezo, anza na Na. 110 ya 2007: inadai kumbukumbu za maandishi zenye mfuatano kuanzia kitu kinapokamatwa, kinapohifadhiwa, kinapohama mkono, kinapopimwa, hadi kinapofika mahakamani. Kisha soma Na. 485 ya 2015, iliyolegeza sharti hilo kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi. Ukiisoma ya 2007 peke yake utakwenda mahakamani na hoja nusu.

Hapo ndipo ubora wa TanzLII unapodhihirika. Ukurasa wa hukumu unaonyesha hukumu zilizorejewa ndani yake na zile za baadaye zilizoirejea. Bofya orodha hiyo ya pili kila mara. Chukua suala la stakabadhi ya kifungu cha 38(3). Kuna hukumu zilizosema kukosekana kwa stakabadhi kunaua kielelezo. Kuna za baadaye zilizosema hati ya ukamataji mali (ile "certificate of seizure") iliyosainiwa na mshtakiwa na shahidi inatosha kusimama badala ya stakabadhi. Anayesoma kundi la kwanza tu ataona ana kesi nyepesi. Atashangazwa na wakili wa Serikali atakayesimama na kundi la pili. Orodha ya marejeo inakuonyesha mabishano haya kwa dakika chache, kazi ambayo zamani ilihitaji kuingia maktaba ya mahakama.

Tuitazame hati ya ukamataji yenyewe kwa karibu, kwa sababu ndiyo karatasi inayogombewa. Ina tarehe, saa, mahali, orodha ya vitu na idadi yake, kisha safu ya saini: askari, anayepekuliwa, mashahidi. Kasoro zinazorudiwa hukumu baada ya hukumu ni hizi. Idadi kwenye hati haifanani na ya hati ya mashtaka. Maelezo ya kitu ni mafupi kiasi kwamba kinaweza kuwa kitu chochote, mfano "mfuko mmoja" bila rangi, uzito wala alama. Saa iliyoandikwa inatangulia saa ambayo shahidi anasema walifika. Hati imejazwa kituoni na sio pale kitu kilipokutwa. Shahidi pekee aliyesaini ni askari mwingine wa msafara huohuo, ilhali mjumbe au mwenyekiti wa mtaa anaishi nyumba ya tatu. Au shahidi huru alikuwepo, jina lake limo, lakini hakuitwa mahakamani na hakuna aliyeeleza kwa nini. PGO (Police General Orders, kanuni za ndani za Jeshi la Polisi) namba 226 inazungumzia upekuzi na namba 229 vielelezo. Utazikuta zimenukuliwa ndani ya hukumu, na ni vizuri kuzinakili kutoka humo kwa ajili ya dodoso.

Kasoro hizi hazina uzito sawa. Saini ya shahidi huru ikikosekana kwenye upekuzi wa barabarani usiku wa manane, mahakama inaweza kuelewa. Ikikosekana mchana katikati ya mtaa wenye watu, maelezo yanakuwa magumu.

Jambo jingine ambalo tovuti haitakuambia mpaka ulitafute: wakati. Pingamizi hutolewa pale shahidi anapoomba kielelezo kipokelewe, kabla hakijapokelewa. Kukaa kimya kunagharimu. Kwenye rufaa hoja iliyonyamaziwa mara nyingi huitwa wazo la baadaye, yaani hoja iliyobuniwa baada ya kesi kwisha, na shahidi asiyeulizwa dodoso juu ya jambo huchukuliwa kuwa amekubaliwa. Pia kuna kanuni iliyowekwa na uamuzi wa 2003 uliochapishwa katika TLR (Tanzania Law Reports, vitabu vya hukumu) ukurasa wa 218: hati hufanyiwa ukaguzi wa kupokelewa, hupokelewa, ndipo husomwa kwa sauti mahakamani. Isiposomwa, huondolewa kwenye kumbukumbu. Lakini usifurahie mapema. Soma Rufaa Na. 355 ya 2017 uone namna ushahidi wa mdomo wa aliyekuwepo unavyoweza kusimama hata baada ya karatasi kuondolewa. Kuondolewa kwa hati kwa sababu haikusomwa ni jambo moja. Kubatilika kwa upekuzi wenyewe ni jambo jingine, maana upekuzi ukibatilika, kitu kilichopatikana kwa upekuzi huo nacho kinayumba. Andika hoja hizi mbili kwa kutenganisha.

Sasa alama moja iliyopungua.

Nakala nyingi za hukumu ni za karatasi zilizopigwa skani, na matini yaliyochomolewa humo yana makosa. Herufi zinaungana, namba ya kifungu inakatika, mhuri unafunika mstari. Matokeo yake unatafuta "section 38 (3)" na hukumu unayoihitaji haitokei kwa sababu mashine imesoma 88. Jaribu na nafasi na bila nafasi, tumia neno badala ya namba, na fungua PDF yenyewe kabla ya kunukuu chochote. Baadhi ya hukumu zina muhtasari juu ya ukurasa. Ni wa kukusaidia kuamua usome au usisome, haufai kuwekwa kwenye hoja.

Upande wa sheria ni dhaifu kuliko upande wa hukumu. Toleo la Urekebu (Revised Edition) la sheria la 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, ilhali hukumu zote tulizozitaja zinanukuu matoleo yaliyotangulia, na namba za vifungu hapa ni za matoleo hayo. Angalia tarehe ya toleo juu ya ukurasa, na linganisha kwa maneno ya kifungu, usilinganishe kwa namba peke yake.

Tovuti pia haikuongozi kwenye sheria maalumu, na hili ndilo kosa lenye madhara makubwa. Sura ya 20 sio sheria pekee ya upekuzi. Kwenye nyara za Serikali, kifungu cha 106 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 kinaruhusu upekuzi bila hati, lakini nyumba ya kuishi isiingiwe bila hati isipokuwa mbele ya shahidi huru angalau mmoja. Kwenye dawa za kulevya, Sheria ya 2015 ina masharti yake, hasa vifungu vya 32 na 48. Kwenye simu na kompyuta, tazama kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kuhusu amri ya kupekua kifaa, na kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo kuhusu kupokelewa kwa ushahidi wake. Anayepinga upekuzi wa dawa za kulevya kwa kutumia hukumu za kifungu cha 38(3) peke yake anaweza kujibiwa kwamba kashika sheria isiyo yake. Kabla hujatafuta hukumu, soma hati ya mashtaka uone sheria gani imetajwa.

Zanzibar ina Katiba yake ya 1984, Sheria yake ya Mwenendo wa Jinai ya 2018 na tovuti yake, ZanzibarLII. Usichukue kifungu cha Bara ukakipeleka mahakama za Zanzibar.

Kwa kulinganisha, Kenya Law ya Nairobi iko mbele kwa unadhifu wa matini na kwa sheria zilizorekebishwa. Na wasomaji wake wana jambo ambalo Bara halina: ibara ya 50(4) ya Katiba ya 2010 inaamuru ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki uondolewe endapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji haki. Huku kwetu kanuni hiyo imo kwenye sheria ya Bunge, sio kwenye Katiba, na Bunge linaweza kuigusa kwa kura za kawaida. Kwa maoni yetu huo ni upungufu wa Katiba na unastahili kuzungumzwa kila mjadala wa Katiba mpya unapofunguliwa. Hukumu za Kenya zitumie kama za kushawishi tu, na ueleze tofauti ya maneno kati ya ibara yao na kifungu cha 169 kabla mwenzako hajakueleza.

Ukimaliza kutafuta, pakua PDF yenye saini na mhuri, sio matini ya ukurasa. Nukuu namba ya rufaa, mahakama, mahali iliposikilizwa, na rejea ya TanzLII yenye mabano ya mwaka na herufi TZCA, zinazosimama badala ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Weka alama ukurasa unaoutegemea, na uchapishe nakala za kutosha: ya hakimu, ya wakili wa Serikali na yako.